Karatasi ya Ahadi na Mali ya Rehani: Mkopeshaji Ameshika Nini Hasa?

Mwenyekiti wa kikao, maafisa wa vyama vya akiba na mikopo, viongozi wa vikundi vya kina mama, wafanyabiashara, mabibi na mabwana, hamjambo.

Mada niliyopewa ni mikopo ya maandishi na mikopo yenye dhamana chini ya sheria za Kenya. Nianze na jambo ambalo likieleweka, mengine yote yatafuata bila taabu. Karatasi anayoitia saini mkopaji akisema "nitalipa" ni kitu kimoja. Mali anayoiweka ili iuzwe asipolipa ni kitu kingine kabisa. Karatasi inakupa haki ya kumdai mtu. Dhamana inakupa haki juu ya mali, hata kama mtu mwenyewe amehama mji, amefilisika au amefariki. Kila moja ina masharti yake, na ukitimiza ya hii hujatimiza ya ile. Kesi nyingi za madeni zinazoanguka mahakamani haziangushwi na wakili hodari wa upande wa pili. Zilikwisha kuanguka siku ya kutia saini, pale mezani, mkopeshaji alipodhani ameshika vyote viwili kumbe ameshika kimoja, na hicho kimoja hakukishika sawasawa.

Tuichukue karatasi kwanza.

Hati ya ahadi ya kulipa inatawaliwa na ile sheria inayosimamia hawala na hundi, Sura ya 27 ya sheria za Kenya, ambayo ilifuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Kwa sheria hiyo, hati ya ahadi ni ahadi ya maandishi isiyo na sharti, ambayo mtu humpa mwenzake na kuitia saini, kwamba atalipa kiasi cha fedha kinachojulikana, ama pindi atakapodaiwa, ama siku iliyotajwa au inayoweza kujulikana. Malipo yanaweza kuwa ya mtu aliyetajwa, ya yule atakayemwelekeza, au ya yeyote aliyeshika hati. Hakuna mahali sheria inapodai muhuri wa wakili ili hati iwe halali. Inatosha iandikwe hivi:

"Mombasa, tarehe 3 Machi 2025. Mimi (jina kamili na namba ya kitambulisho) ninaahidi kumlipa (jina kamili na namba ya kitambulisho), au yeyote atakayemwelekeza, shilingi laki tatu, yaani KSh 300,000, pamoja na riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio, ifikapo tarehe 3 Septemba 2025, kwa thamani niliyopokea." Chini yake, saini.

Ni mistari michache tu, lakini kila neno lina kazi, na ukilitoa kuna kinachomwagika. Neno "ninaahidi" ndilo roho ya hati. Wengi wetu huandikiana "nimekopa laki tatu kutoka kwa fulani" na kuishia hapo. Hayo ni maungamo ya deni. Ni ushahidi mzuri, lakini si hati ya ahadi, na hayana nguvu zake za pekee nitakazozitaja punde.

Halafu kuna lile suala la sharti. Mtu akiandika "nitalipa nikiuza shamba langu la Kilifi", hiyo si hati ya ahadi, kwa kuwa huenda shamba lisiuzwe kamwe. Na hata likiuzwa wiki ijayo, karatasi ile haigeuki kuwa hati ya ahadi baada ya tukio. Sheria imelisema hilo waziwazi. Vivyo hivyo mtu akiahidi magunia kumi ya mahindi badala ya fedha, au akiahidi "laki tatu na gharama nyinginezo atakazoona mkopeshaji", maana hapo kiasi hakijulikani. Kinyume chake, riba iliyotajwa kiwango, malipo ya awamu, na kipengele kwamba awamu moja ikikosekana deni lote linadaiwa kwa mkupuo, hayo yote hayaharibu hati. Kwa hiyo msiogope kuandika awamu. Ogopeni maneno "nikipata", "nikiuza" na "mambo yakiwa mazuri".

Kiasi kiandikwe kwa maneno na kwa tarakimu. Vikitofautiana, maneno ndiyo yanayoshinda. Ukiandika "shilingi elfu thelathini" na kando yake KSh 300,000, umejipunja mwenyewe, na kulithibitisha kosa hilo mbele ya hakimu ni safari ndefu.

Tarehe ikisahaulika hati haifi, lakini unafungua mlango wa mabishano kuhusu riba ilianza lini na muda wa kushtaki unaisha lini. Jambo baya zaidi ni nafasi tupu. Kuna wakopeshaji wanaomtaka mkopaji atie saini kwenye karatasi yenye mapengo, eti kiasi kitajazwa baadaye. Sheria inamruhusu aliyepewa hati ya namna hiyo kuijaza, ila kwa kufuata mamlaka aliyopewa na ndani ya muda wa kuridhisha. Akizidisha, mkopaji anaweza kuipinga. Lakini hati ikishapita kwa mtu wa tatu aliyeinunua kwa nia njema, ikiwa imekamilika usoni, utetezi huo unaweza kugonga ukuta. Mkopaji, usitie saini mahali penye pengo. Piga mstari.

Na ikishatiwa saini, msiiguse. Kubadilisha tarehe, kiasi, muda au mahali pa kulipia bila ridhaa ya waliosaini kunaibatilisha hati dhidi yao. Nimeona niliseme hili kwa mkazo kwa sababu kishawishi ni kikubwa: mkopaji ameomba miezi miwili zaidi, mkopeshaji anachukua kalamu na kugeuza "Septemba" kuwa "Novemba". Kwa huruma yake amejivunjia hati. Nyongeza ya muda iandikwe kwenye karatasi nyingine, isainiwe na wote, na hati ya kwanza ibaki ilivyo.

Wakisaini wawili, angalieni kitenzi. Hati inayosema "ninaahidi" ikisainiwa na watu wawili, kila mmoja anadaiwa deni lote peke yake na pia pamoja na mwenzake. Ikisema "tunaahidi", wajibu unaweza kusomwa kuwa wa pamoja tu, na hilo lina usumbufu wake mahakamani. Dawa ni kuandika wazi: "tunaahidi, kwa pamoja na kila mmoja wetu peke yake". Na mkurugenzi anayesaini kwa ajili ya kampuni aandike kwamba anasaini kwa niaba ya kampuni. Kuweka cheo chake tu chini ya jina, "mkurugenzi", bila kusema anamsainia nani, kunaweza kumfanya adaiwe yeye binafsi.

Sasa faida. Ya kwanza: aliyesaini hati anachukuliwa kwamba alipokea thamani mpaka yeye mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha umehama. Ya pili: kwa kuwa dai ni la fedha zinazojulikana kiasi chake, mdai anaweza kuomba hukumu ya haraka chini ya Agizo la 36 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010, bila kesi kusikilizwa kwa mashahidi, endapo mdaiwa hana utetezi wa maana. Akiwa nao, hata mmoja tu unaostahili kusikilizwa, mahakama itamruhusu ajitetee. Ya tatu ni kwamba hati inaweza kuhamishwa. Aliyeandikiwa anasaini nyuma na kumpa mwingine, na huyo mwingine anakudai.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowaumiza wakopaji. Ukilipa deni lote kwa simu na hati ikabaki kwa mkopeshaji, karatasi yenye saini yako bado inatembea. Kwa hiyo unapolipa, dai hati yako halisi irudishwe. Mwenye hati akilipwa ana wajibu wa kuikabidhi. Ukitaka isihamishwe tangu mwanzo, andikeni juu yake kwamba haihamishiki.

Muda wa kushtaki juu ya mkataba ni miaka 6. Hati inayosema "nitalipa pindi nitakapodaiwa" ina mtego hapa: msimamo wa siku nyingi wa sheria hii tuliyoirithi ni kwamba saa inaanza kuhesabu tangu siku ya hati yenyewe, si siku uliyopiga simu kudai. Mkopeshaji anayemwonea haya shemeji yake kwa miaka saba anajikuta hana kesi. Malipo ya sehemu ya deni, au maandishi yaliyosainiwa ya kulikubali deni, huanzisha hesabu upya. Ujumbe wa M-Pesa wa shilingi elfu mbili unaweza basi kuwa na thamani kubwa kuliko fedha iliyotumwa. Uhifadhini, na mkumbuke kwamba ushahidi wa kielektroniki unaopelekwa mahakamani kwa karatasi zilizochapwa huambatanishwa na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani, vipi na nani. Mashahidi wengi hufika na mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapwa vizuri kabisa, bila cheti.

Basi, hati yetu imesimama. Tumeshika nini? Ahadi ya mtu. Ukishinda kesi unapata hukumu, na hukumu lazima itekelezwe. Unaanza kutafuta mali yake. Ukifika, unawakuta waliotangulia. Hapo ndipo dhamana inapoingia.

Hati ya ahadi inaruhusiwa kutaja ndani yake mali iliyowekwa dhamana. Haiharibiki kwa hilo. Wengi huishia hapo wakiamini kazi imekwisha: "Naweka pikipiki yangu, jokofu langu na mashine yangu." Kati ya wawili waliosaini, maneno hayo yana uzito. Dhidi ya benki, dhidi ya mdai mwingine, dhidi ya mfilisi anayesimamia mali ya aliyefilisika, hayana nguvu mpaka jambo moja zaidi lifanyike.

Tangu mwaka 2017 Kenya ina Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika. Sheria hiyo ilifuta ile ya zamani ya uhamishaji wa mali zinazohamishika na ile ya maduka ya poni, yaani yanayokopesha kwa kushika vitu vya watu, na ikaanzisha masijala moja ya kielektroniki inayofikiwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Inahitaji hatua mbili. Kwanza, makubaliano ya dhamana ya maandishi, yaliyosainiwa na anayeweka mali, yakitaja wahusika, deni linalolindwa, na mali yenyewe kwa namna inayoiwezesha kutambulika. Pili, ili haki hiyo iwafunge na watu wengine, notisi isajiliwe kwenye masijala hiyo, ama mkopeshaji aishike mali yenyewe mkononi.

Kipaumbele kinafuata usajili. Mwanamke ana mashine ya kusaga mahindi. Januari anakopa kwa mtu binafsi na kuandika makubaliano mazuri yasiyosajiliwa. Aprili anakopa kwa chama kinachosajili notisi siku hiyohiyo. Mambo yakiharibika, chama kiko mbele, ingawa kilikuja baadaye. Ndiyo maana kabla ya kutoa hata shilingi, mkopeshaji apekue masijala kwa jina na namba ya kitambulisho cha mkopaji. Na anaposajili, aandike jina na namba kama zilivyo kwenye kitambulisho chenyewe. Kosa linaloifanya notisi isionekane mtu anapopekua kwa taarifa sahihi linaiondolea notisi nguvu. Tarakimu moja inatosha.

Maelezo ya mali yanaweza kuwa ya jumla, mathalani "bidhaa zote zilizomo na zitakazoingia dukani", na sheria inakubali mali ya baadaye. Mteja anayenunua sufuria dukani katika biashara ya kawaida haichukui ikiwa na deni la mwenye duka. Kwa mashine na vifaa, taja aina na namba ya kiwandani.

Kuhusu kushika mali mkononi, mfano wa pwani ni dhahabu. Ikiwa kwenye sanduku la mkopeshaji, umiliki huo wa mkononi unatosha bila usajili. Mkopaji akiomba akaivae arusini na mkopeshaji akampa, kinga dhidi ya watu wengine imetoka mlangoni pamoja na bangili. Anayetaka kuwa muungwana asajili notisi kwanza.

Gari lina desturi zake. Wakopeshaji wengi hushikilia kitabu cha gari, na zamani walishikilia na fomu ya kuhamisha iliyosainiwa bila tarehe. Siku hizi uhamisho hufanyika mtandaoni kupitia akaunti ya mwenye gari, kwa hiyo karatasi kabatini haimzuii wala haimhamishi. Linalofanya kazi ni jina la mkopeshaji kuingizwa pamoja na la mmiliki kwenye usajili wa gari, na notisi kwenye masijala ya dhamana. Yote mawili.

Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji hapaswi kuvamia. Ampe notisi ya maandishi, ataje kilichokiukwa, kiasi na muda wa kurekebisha. Makubaliano yawe na ridhaa ya maandishi kwamba mali inaweza kuchukuliwa bila amri ya mahakama. Hata ikiwepo, mwenye mali akikataa mlangoni, rudi nyuma uende mahakamani. Kuvunja kufuli kunakugeuza wewe mdai kuwa mshtakiwa.

Sasa ardhi, ambako ndiko fedha nyingi na machozi mengi yaliko. Hapa nitakaa kidogo.

Desturi iliyoenea ni hii: "Niachie hati miliki yako, ukimaliza kulipa nitakurudishia." Mkopeshaji anaifungia kabatini na kulala usingizi mnono. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitambua hali hiyo kama rehani isiyo rasmi, iwe ni kwa ahadi ya maandishi yenye shahidi au kwa kuweka hati za ardhi. Lakini inaongeza kwamba aliyeshika hati kwa namna hiyo hawezi kumiliki wala kuuza ardhi bila amri ya mahakama. Rehani rasmi nayo haina nguvu mpaka isajiliwe. Kabla ya hapo mkopeshaji hana ruhusa ya kutumia njia yoyote ya kutekeleza rehani hiyo. Kwa hiyo hati kabatini, bila usajili, ni sababu ya kwenda mahakamani tu.

Na ile karatasi isemayo "nisipolipa ifikapo Desemba, shamba ni lake"? Hiyo haihamishi shamba. Haki ya mkopaji ya kulipa deni na kuikomboa ardhi yake inalindwa, na kipengele kinachomnyang'anya haki hiyo ni batili. Mkopeshaji aliyewekewa rehani anauza kwa utaratibu, anachukua chake, na kinachobaki kinakwenda kwa wenye rehani zilizofuata na kwa mwenye ardhi.

Kusajili rehani kunataka mambo kadhaa, na kila moja linaweza kuizamisha. Pekua masijala ya ardhi kwanza: jina ni la nani, kuna zuio, kuna rehani nyingine? Hati ikiwa bado ina jina la babu aliyefariki, simama hapo. Mjukuu hawezi kuweka rehani ardhi ya marehemu mpaka mirathi ikamilike na jina libadilishwe, hata kama amelima hapo maisha yake yote.

Nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Rehani ya nyumba hiyo ni halali tu ikiwa mwenzi anayeishi humo, au wenzi wote kama ni zaidi ya mmoja, ametia saini au kuna maandishi yanayoonyesha amekubali. Mkopeshaji makini humpeleka mwenzi kwa wakili asiye wa mkopeshaji, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na wakili aandike kwamba amefanya hivyo. Anayeletewa saini ya mke iliyopatikana "nyumbani" na mume mwenyewe anajitafutia kesi.

Ardhi ya kilimo katika eneo linalosimamiwa na bodi ya ardhi inahitaji kibali cha bodi hiyo, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila kibali, muamala ni batili. Hapa kuna jambo zuri la kuzingatia: rehani inakufa lakini fedha zilizotolewa zinaweza kudaiwa kama deni la kawaida. Na hapo ndipo ile hati ya ahadi, iliyoandikwa vizuri, inapomwokoa mkopeshaji. Ndiyo sababu nasisitiza kila kimoja kiandaliwe kana kwamba kingine hakipo.

Kisha kuna ushuru wa stempu, ambao kwa rehani ya ardhi ni asilimia 0.1 ya kiasi kinacholindwa: kwa mkopo wa milioni mbili, shilingi elfu mbili. Ni fedha kidogo sana ukilinganisha na madhara ya kuikwepa, kwa kuwa hati inayotakiwa stempu na haina haipokelewi kama ushahidi katika kesi ya madai, mpaka ilipiwe pamoja na adhabu ya kuchelewa.

Kuuza kuna ngazi, na kuruka moja ndiyo njia ya uhakika ya mnada kusimamishwa asubuhi yake. Mkopaji lazima awe ameshindwa kulipa na hali hiyo iendelee mwezi mmoja. Kisha anapewa notisi ya maandishi inayotaja kosa, kiasi cha kulipa, muda usiopungua miezi 3, kitakachofuata asipolipa, na haki yake ya kuomba nafuu mahakamani. Muda huo ukipita, notisi ya pili, ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Nakala yake iende pia kwa mwenzi wa ndoa aliyetoa ridhaa, kwa mdhamini, kwa mmiliki mwenza na kwa wengine waliotajwa na sheria. Baada ya hapo dalali naye hutoa notisi ya siku 45 ya kukomboa, halafu tangazo gazetini, na mnada usifanyike kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Jumlisha: ni zaidi ya miezi saba tangu siku ya kwanza ya kushindwa, ikiwa hakuna aliyekimbilia mahakamani. Anayekopesha fedha zake za karo ya mwaka huu kwa rehani ya shamba akumbuke hesabu hiyo.

Kabla ya kuuza, thamani ya mauzo ya lazima ikadiriwe na mthamini aliyesajiliwa. Makadirio ya zamani kuliko miezi 12 hayatoshi kwa kanuni za madalali. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana wakati huo. Ardhi ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhania kwamba wajibu huo ulikiukwa mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Shamba la milioni nne likienda kwa milioni tatu, wewe ndiye wa kujieleza.

Wadhamini nitawapitia upesi. Ahadi ya kumlipia mwingine deni haiwezi kushtakiwa isipokuwa iko kwa maandishi na imesainiwa. "Alisema mbele yetu wote" haisaidii. Na mkopeshaji akibadilisha masharti ya mkopo, akaongeza riba au kiasi bila mdhamini kukubali, mdhamini anaweza kuponyoka.

Riba sasa. Kwa benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu mwaka 2007, kimeweka kikomo. Mkopo ukishaingia kundi la mikopo isiyolipika, kwa kawaida ukichelewa siku 90, benki haiwezi kudai zaidi ya salio la msingi la siku hiyo, riba isiyozidi salio hilo, na gharama za kukusanya deni. Mtu alikopa laki nne, akalipa mpaka msingi ukabaki laki tatu, kisha akakwama. Laki tatu na riba isiyozidi laki tatu: laki sita, na gharama juu yake. Barua inayodai milioni moja na nusu inastahili kujibiwa kwa hesabu, na jibu liende mapema, si siku ya mnada. Aidha, Juni 2024 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels kwamba kibali kinachotakiwa na kifungu cha 44 kabla ya kuongeza tozo kinahusu pia viwango vya riba. Wakopaji wa zamani waliopandishiwa riba waombe taarifa kamili ya akaunti, mwezi kwa mwezi. Ila msichukue kikomo hiki mkakibandika kwa kila mkopeshaji wa mtaani. Kifungu kile kiliandikiwa taasisi zilizo chini ya Sheria ya Benki.

Mahali pa kushtaki panategemea dai. Mgogoro wa chama cha ushirika na mwanachama wake unakwenda kwenye Baraza la Ushirika. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Huko si lazima uwe na wakili. Ndiyo maana hati iliyoandikwa vizuri ina kazi kubwa huko: haina msemaji mwingine.

Nimalizie na siku ya kumaliza deni, ambayo watu huisahau kwa furaha. Aliyelipa aondoke na hati yake ya ahadi, halisi, ikiwa imeandikwa "imelipwa" na kusainiwa. Notisi kwenye masijala ya mali zinazohamishika ifutwe. Aombe kwa maandishi na aangalie mwenyewe kwenye mfumo. Jina la mkopeshaji litolewe kwenye usajili wa gari. Kwa ardhi, kupokea hati miliki pamoja na barua ya pongezi hakutoshi: kuna hati ya kuondoa rehani, inasainiwa na mkopeshaji na kusajiliwa masijala, na mpaka isajiliwe anayepekua ataona shamba bado lina deni. Fanya upekuzi mpya wiki chache baadaye uone kama imefutika kweli. Wanaokuja kugundua miaka kumi baadaye, wakati wa kuuza au wa mirathi, hulazimika kumtafuta mkopeshaji ambaye huenda kampuni yake ilishafungwa.

Mwenyekiti, nimefika mwisho wa niliyoandaa. Waliokuja na hati zao za mikopo tuanze nao katika maswali, na walio na notisi za mnada zenye tarehe ya mwezi huu wapite mbele kabla ya wengine.